Honi ya Kwenye Kona

Miaka yote aliyofanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, Mama Pasi aliwasikia korongo bila kuwaona sawasawa. Kila majira ya machipuko walipita juu ya paa wakilia kama tarumbeta mbovu, na kila mara walimkuta mikono yake iko kwenye shuka la moto, dirisha limezibwa na mvuke. Akifuta kioo kwa kiwiko na kuchungulia, huambulia mikia tu. "Wamekwenda," husema, kisha hurudi kwenye mikunjo yake. Jina la Pasi alilipatia humo humo, maana shuka likitoka mikononi mwake, hata nzi angeteleza.

Siku moja mgonjwa aliyekuwa anaota jua uani alimwambia kwamba korongo wale hutua kupumzika kabla ya kuvuka milima, na wakitua hucheza. Huruka, huinamiana, hurusha majani juu, dume na jike wake.

"Hata wazee?" Mama Pasi aliuliza.

"Wazee ndio hasa."

Maneno hayo yakamkaa. Alipostaafu, watoto wakamuuliza anataka zawadi gani. Alisema anataka kuwaona korongo wakicheza, basi. Watoto wakatazamana. Mkwe wake ndiye aliyetoa gari lake la nyumba, lenye vitanda viwili, jiko la gesi na sinki dogo la kuoshea kikombe kimoja kimoja. Mama Pasi akaondoa mapazia, akayafua, akayapiga pasi, akayarudisha. Hapo ndipo alipoamini kwamba safari ipo.

Usukani aliushika mumewe, Breki, dereva wa basi la milimani tangu ujana wake hadi kustaafu. Wa tatu alikuwa wifi, dada yake Breki, mjane ambaye mdomo wake haujawahi kupata kufuli. Hakualikwa. Walimkuta asubuhi amekaa ndani ya gari, mkoba mapajani.

"Mnanitazama nini? Washeni gari."

Tambarare ilikuwa imeanza kuvaa kijani. Mbayuwayu walijipanga kwenye nyaya, mwewe alisimama hewani kama aliyetundikwa kwa uzi, na bata mmoja aliwavusha watoto wake mtaroni huku akigeuka nyuma kila hatua. Mama Pasi alijua kugeuka kule. Tatizo lilikuwa Breki. Aliendesha vizuri, lakini kama mtu aliye na abiria wanaomngoja kituo cha mbele.

"Baba watoto, kule! Weupe wale!"

"Wapi?"

"Tumeshawapita."

"Kaka, hili si basi," wifi akasema kutoka nyuma. "Hakuna atakayekushtaki kwa bosi."

"Mimi sisimami pasipo kituo."

"Basi ukifa tutakuzika kituoni."

Breki akacheka, lakini mguu haukulegea.

Asubuhi ya pili walifika kwenye kinamasi walichoelekezwa. Barabara ilipinda kuzunguka kilima kidogo, na kwa upande Mama Pasi alishaanza kuyaona majani marefu, na kati ya majani, shingo. Shingo nyingi. Gari likaingia kwenye kona, na mkono wa Breki, ambao haukumuuliza mwenyewe, ukabonyeza honi mara mbili.

Kinamasi kizima kiliruka. Mabawa yakapiga kama mashuka mia yanayokung'utwa kwa pamoja, na walipotoka nje ya gari, korongo walikuwa mstari mwembamba unaoelekea milimani. Mikia tena.

Wifi alijikuta anatafuta kitu kwenye mkoba. Mama Pasi aliingia ndani akaanza kukunja taulo zilizokuwa zimekunjwa tayari.

Breki akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama watoto."

"Najua."

"Mkono tu. Kona ikija, mkono unakwenda wenyewe."

"Nimesema najua."

Na kweli alijua. Ile barabara ya milimani ilikuwa nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili shimo. Dereva mwenzake, aliyekula mezani kwao mara nyingi, aliingia kona moja bila kupiga honi akakutana na lori. Tangu hapo Breki hakuwahi kukaribia kona kimya. Honi iliyowafukuza korongo wake ndiyo iliyomrudisha mume huyu nyumbani jioni baada ya jioni. Angeikasirikiaje? Lakini taulo ya tatu ilimshinda kukunja.

Mwenye kituo cha mafuta aliwaambia kuna konde la juu, kule kwenye bonde la milima, ambako korongo hutua mara ya mwisho. Jua likipasha miamba, wanapanda na hewa, wanavuka, ndiyo basi hadi mwaka kesho.

"Na mwaka kesho una mwenyewe," wifi akamaliza.

Walilala chini ya mlima, wakaondoka alfajiri. Breki alizijua kona zote, na alizisalimia moja moja kwa honi, kwa kuwa bado walikuwa mbali. Kisha, kabla ya kona ya mwisho, akafanya jambo ambalo Mama Pasi hakuwahi kuliona tangu waoane. Akasimama. Pasipo kituo.

"Konde liko nyuma ya mwamba huu," akasema. Jasho lilimtoka ingawa theluji ilikuwa bado kwenye vivuli. "Kona hii ndiyo ile. Siwezi kuipita kimya. Na nikipiga honi, wanaondoka."

Mama Pasi akamwekea mkono begani. Alitaka sana kumwambia apite tu. Badala yake akasema, "Turudi. Nimewaona shingo. Zinatosha."

"Zinatosha nini?" wifi akadakia, ameshafungua mlango. "Kwani lazima honi iwe na sauti? Nipe shuka, wifi. Jeupe."

Akapewa shuka, lililopigwa pasi, bila mkunjo. Akatangulia mbele kwa miguu akilipeperusha, viatu vyake vya kanisani vikiteleza kwenye mchanga, na gari likamfuata polepole kama la maharusi. Katikati ya kona akakutana na lori linaloshuka. Likasimama. Dereva akatoa kichwa.

"Mama, umepotea?"

"Sijapotea. Mimi ni honi. Zima injini, nyuma yangu kuna kaka yangu."

Yule dereva akaona sura ya Breki nyuma ya kioo, akaitambua, akacheka bila sauti, akazima. Breki akapita pembeni yake taratibu, mikono yote miwili imeshika usukani.

Konde likafunguka. Korongo walikuwa pale, karibu kuliko alivyothubutu kuomba, wala hawakuwa weupe kama alivyowafikiria miaka yote. Walikuwa rangi ya jivu. Mmoja akainama mbele ya mwenzake. Mwenzake akaruka, miguu ikining'inia ovyo, akatua vibaya, akaruka tena. Akaokota bua akalirusha juu.

"Hajui kucheza, kama mtu fulani," Mama Pasi akanong'ona.

"Lakini anacheza," Breki akajibu.

Jua likagusa miamba. Korongo wakapanda wenyewe, kwa wakati wao, wakazunguka, wakavuka. Safari hii Mama Pasi aliwaona kuanzia midomo.

Wifi akawafikia akihema, shuka limejaa tope. Breki akawasha gari kwa ajili ya kona ya kurudia. Kidole gumba kilikuwa juu ya honi, hakibonyezi. Akamtazama mkewe.

"Nipige?"

"Piga, baba watoto. Piga sana."