Nilimwita Baba ili Gari Limfie Barabarani

Ndugu Mhariri, ficha jina langu na jina la shule yangu, kwa sababu ukurasa huu husomwa hata nyumbani kwetu Mbeya.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni hapa Iringa. Si msemaji. Hata nikiulizwa jambo ninalolijua, hujibu kwa sauti ndogo mpaka mwalimu aniambie nirudie. Labda ndiyo maana haya nayaandika badala ya kuyasema. Nina uchungu na mtu, na nimeshaanza kulipiza.

Marehemu baba alikuwa fundi wa magari. Mzungu mmoja wa shamba la chai kule Tukuyu, alipokuwa anaondoka nchini, alimwachia gari lake la mashindano, la Kijapani, lenye milango miwili na injini iliyokufa. Injini ile si kama nyingine. Haina pistoni, ndani mna vyuma vya pembe tatu vinavyozunguka, na joto lake ni kubwa mno. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, nacho Kiingereza kilimpiga baba chenga, kwa hiyo mimi nilisoma na kufasiri, yeye akafungua na kufunga. Tulianza nikiwa darasa la saba. Lilipowaka nilikuwa kidato cha pili, na baba alicheka mpaka akakaa chini kwenye oili.

Sehemu moja ya kitabu alinirudisha niisome tena na tena. Ilisema injini hiyo haipozwi na maji peke yake. Oili nayo hubeba joto. Ndiyo maana mbele ina rejeta kubwa nzito ya shaba ya maji, na chini yake rejeta nyingine ndogo ya oili. Baba aliziita mapafu. "Mtu humfanyi mwepesi kwa kumtoa mapafu," alisema.

Baba alifariki mwaka jana. Kwa mila yetu sisi Wanyakyusa, mali ya marehemu humwendea mdogo wake, na huyo mdogo huchukua pia nafasi yake: mjane anakuwa mikononi mwake, watoto wanakuwa wake. Wazee walimketisha baba mdogo mbele yetu, wakaniambia kuanzia siku hiyo nimwite Baba. Nilitazama miguu yangu. Yeye hakungoja jibu. Alifungua mwenyewe pindo la khanga ya mama, akatoa funguo za gari, akaondoka nalo. Mengine yote, paa linalovuja, mama, na mimi, alisema atayaangalia baadaye.

Baadaye haikufika. Mama alipozidiwa na kifua, nilikwenda kwake kumwomba atupeleke hospitali. Alikuwa ameshawekeana shindano na rafiki yake, nani atatangulia kufika Iringa kutoka Mbeya, na alikuwa analipunguza gari uzito. Alikuja mpaka mlangoni kwetu, akamwambia mama kwa upole kabisa, "Shemeji, viti nimevitoa, kimebaki cha dereva tu. Nitakuweka wapi?" Mama akaenda hospitali juu ya lori la viazi, mvua ikimnyeshea. Alipona, lakini mimi sikupona.

Likizo iliyopita baba mdogo aliniita kwake. Rejeta za baba zilikuwa chini, zimeegemezwa ukutani kama vyuma chakavu. Mahali pa ile kubwa alikuwa amefunga rejeta nyepesi ya alumini, ya gari dogo lililopinduka Chimala, na feni ya plastiki. Ile ya oili hakuirudisha kabisa. Aliinyanyua rejeta ya shaba kwa mikono miwili, akaguna.

"Uzito wote huu wa nini?" akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unamsomea marehemu. Hebu niambie ukweli, mwanangu. Hii nyepesi inatosha?"

Nilimkumbuka mama juu ya viazi. Nilijua gari litatoka Mbeya likiimba, litateremka Usangu kwenye joto, na likianza kupanda kuelekea Makambako litachemka na kukwama. Hatakufa mtu. Itakufa injini, mbele ya rafiki zake wote.

"Inatosha, Baba," nikasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. Aliweka rejeta chini akanitazama. Nadhani hakusikia neno la kwanza kabisa, alisikia la pili tu. Macho yalimlowa. Hakuniuliza tena habari za gari. Niliomba zile rejeta kuukuu niwe nazo kama ukumbusho, akanibebea mwenyewe mpaka nyumbani, na sasa ziko uvunguni mwa kitanda changu.

Nilifurahi sana, ndugu zangu, sitawadanganya. Nilirudi shule nikifurahi. Lakini juzi mama ameniandikia kwamba baba mdogo amekuja na mabati, amepanda juu ya paa yeye mwenyewe, na anamwambia kila jirani kwamba binti yake amemkubali. Ameniagiza siku ya shindano, mwisho wa mwezi ujao, nisimame langoni mwa shule. Atapita hapo kwanza apige honi, wenzangu wamwone baba yangu.

Mabati hayafuti lori la viazi. Bado nataka akwame, asimame kando ya barabara bila pa kukaa, ajue nani alimweka pale. Lakini injini itakayoungua ni ile iliyomkalisha baba kwenye oili akicheka, na hakuna mwingine wa kuifufua.

Simu ya maandishi yatosha: rudisha rejeta kuukuu. Nimekwenda posta, nikarudi bila kuituma. Siku ile nitakuwa langoni, na sijui nitakuwa nasikiliza honi ije au isije.

Ninyi mliowahi kudhulumiwa na damu yenu, nishaurini. Nitume, au ninyamaze kama nilivyozoea?