Aliyepigwa Kwenye Filamu

Jumamosi, kwenye kantini moja ya Naguru, televisheni ilionyesha filamu ya bondia aliyetoka kwenye umaskini hadi ubingwa. Kisa cha kweli, walituambia. Bingwa alipomwangusha mpinzani wake raundi ya pili, kantini nzima ilishangilia, isipokuwa askari mstaafu mmoja aliyesimama na chapati mkononi.

"Uongo! Huyo anayeanguka ni mimi! Na mimi nilianguka raundi ya tano!"

Tukacheka. Akaanza kutuonyesha alivyokuwa akikwepa ngumi, mpaka akamwaga mchuzi. Mkewe akafuta meza.

"Ni yeye kweli," mkewe akasema. "Mimi nilikuwa huko."

Mzee akatabasamu.

"Lakini ilikuwa raundi ya kwanza," mkewe akaongeza. " Hawa watu wa filamu wamemhurumia tu."

Mzee akakaa chini, amenywea. Ndipo jirani yake akasema, "Afande, tupige picha?" Punde tukapanga foleni, nami nikiwemo. Bila mtu wa kuanguka, bingwa angemshinda nani?

Mkewe ndiye aliyeshika simu ya kupigia picha.

"Mzee, inua mikono. Juu zaidi, kinga uso! Eh, ungefanya hivyo siku ile!"