Shavu Ambalo Dresa wa Tarime Hajaliona

Saa moja asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya vilima vya Tarime, na benchi la zahanati limeshajaa. Jana ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Baada ya mnada watu walikunywa pombe, na baada ya pombe wengine walikumbushana mambo ya zamani. Kwa hiyo leo ni siku ya nyuso.

"Mura, tulia," Stanslaus Waitara anamwambia Werema, kijana (ndiyo maana ya mura kwa Kikurya) mwenye mchubuko kwenye paji la uso. "Jana ulikuwa simba. Leo pamba inakukimbiza?"

"Nilianguka kwenye jiwe," anasema Werema.

"Jiwe hilo lina ngumi nzuri."

Benchi zima linacheka, Werema naye anacheka, na wakati anacheka Stanslaus anamaliza kumsafisha. Ndivyo anavyofanya kazi huyu bwana. Mdomo unakwenda huku, mkono unakwenda kule, na mgonjwa anashtukia kazi imekwisha.

Stanslaus ni dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Vifaa vyake si vya kujivunia. Ana sufuria ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kipande cha sabuni, pamba, koleo dogo, kopo la vaselini na vitambaa ambavyo mkewe huvifua na kuvichemsha. Wenye majeraha makubwa huwapeleka hospitali. Michubuko, mikwaruzo, chunusi zilizotumbuliwa na majipu madogo ya usoni ndiyo riziki yake, na katika hayo sifa zake zimevuka mto.

"Kidonda cha mguuni ukikikosea, utavaa suruali," anasema. "Cha usoni utakivalia nini?"

Adui yake mkubwa ni masizi. Huku kwetu mtu akijikata, wa kwanza kumfikia hukimbilia chungu, akakwangua masizi ya chini, akayachanganya na samli na kuyashindilia kwenye kidonda. Damu hukoma kweli. Lakini ngozi hujifunga juu ya ule weusi, na doa hubaki hapo mpaka kaburini. Na hapo ni iwapo kidonda hakikutunga usaha.

Stanslaus hawacheki wanaofanya hivyo. Yeye mwenyewe ana doa jeusi juu ya nyusi, alilowekewa na bibi yake alipopigwa pembe na ndama.

"Bibi alinipa dawa aliyokuwa nayo," anasema. "Nilipona. Namshukuru mpaka leo. Ila wajukuu zake nawapa maji na sabuni."

Kazi hii aliipata kwa mlango wa jikoni. Wakati wa vita alikuwa mpishi katika hospitali ya jeshi. Siku moja wahudumu wa wodi walipungua, akaambiwa aweke mwiko chini. Mwiko huo hakuurudia tena. Alirudi nyumbani na ujuzi wa kufunga vidonda, akamwoa Bernadetha, binti wa ng'ambo ya bonde, na akaajiriwa hapa. Asubuhi ya baada ya mnada hupokea watu hamsini, na mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, "unatosha kumfanya mtu asiache kazi."

Lakini jambo lililofanya watu wa vijiji vyote hivi wamzungumzie lilitokea masika yaliyopita, na lilimhusu mkwe wake.

Msomaji asiye wa huku inabidi aelewe kitu kimoja. Kwa Mkurya, mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Mkwe wa kiume hamtazami usoni, hamgusi, haketi naye chini ya paa moja, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu mwingine. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani. Miaka yote ya ndoa yake, Stanslaus alikuwa hajauona uso wa mama yake Bernadetha.

Basi jioni moja mama huyo, Bi Gati, alikuwa akifunga zizi la ng'ombe kwa tawi la miiba. Tawi likamponyoka, likarudi kwa nguvu na kumkwaruza kutoka pembeni mwa jicho mpaka karibu na mdomo. Halikuwa jeraha la kutisha. Jirani yake, mwanamke mwenye huruma tele, akakimbilia chungu.

Bernadetha alipopata habari na kufika kwa mama yake, shavu lilikuwa limevimba, jicho linakaribia kufumba, na juu yake pana utandu mweusi wa masizi na samli. Kwenda hospitali ya Musoma haikuwezekana, kwani mto Mara ulikuwa umefurika na kivuko kimesimama. Palibaki zahanati. Bi Gati akakubali kwenda kwa sharti kwamba mkwe asiwepo. Bernadetha akamhakikishia, maana siku hiyo Stanslaus alipaswa kuwa mjini kuchukua dawa.

Lori lililopaswa kumchukua lilinasa kwenye matope. Kwa hiyo mama na binti walipotokea kwenye kona, dresa alikuwa mlangoni anakunja bandeji.

Bi Gati alijifunika nguo kichwani, akazunguka nyuma ya zahanati na kuketi chini, mgongo ukutani. Stanslaus naye aliruka ndani kama mwizi.

"Ilikuwa aibu ya mtu ambaye hata dhambi hana," anakumbuka Stanslaus. "Sote wawili tulikuwa tumekimbia."

Bernadetha akamfuata ndani. Alikuwa analia. "Jicho la mama linafumba," alimwambia. "Atakufa njaa ya dawa mlangoni kwako? Fanya kitu."

Kwenye benchi ulizuka ubishi. Mzee mmoja alisema dawa haina mkwe, dresa atoke amtibu, Mungu anaona. Mzee Nyangwine, ambaye alikuwa amekuja kwa jipu la kidevuni, alimkatalia. "Leo mtasema dawa haina mkwe," alisema. "Kesho mtasema njaa haina mkwe, kesho kutwa mtakula naye sahani moja."

Stanslaus alijua kwamba Nyangwine hakosei. Alimjua pia mama yule kwa sifa zake. Angemgusa kwa nguvu, mama angenyanyuka na kwenda zake na jicho lake bovu, na asingerudi tena. Uso umeumbwa na haya, na wake ulikuwa na haya kuliko maumivu.

Akampa mkewe sabuni anawe mikono mpaka kwenye viwiko. Akamkabidhi sufuria ya maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, pamba na koleo lililochemshwa. Kisha akasogeza kigoda mpaka kwenye ukuta wa nyuma, upande wa ndani, akaketi akiwa ameligeuzia mgongo dirisha dogo la ukuta huo. Bernadetha akazunguka nje.

Huyu Bernadetha, tuseme ukweli, hakuwahi kumfunga mtu hata kidole. Vitambaa alivifua, ila damu mbichi ilimtia kizunguzungu.

"Unaona nini?" aliuliza Stanslaus kupitia dirishani.

"Naona mama yangu analia."

"Na zaidi ya hapo?"

"Weusi. Weusi mtupu."

"Usikwangue. Lowesha pamba, iweke juu, subiri samli ilainike. Halafu futa kutoka juu kwenda chini, na kila ukifuta badilisha pamba. Jichoni usiguse."

Ikawa hivyo, pamba kwa pamba. Stanslaus aliuona uso ule kwa maneno ya mkewe. Akiambiwa hapa pekundu, alisema ni damu nzuri. Akiambiwa hapa pana manjano, alisema pakandwe tena. Masizi yakatoka, na yale yaliyokaidi yakatolewa kwa koleo, punje moja moja. Kisha Bernadetha akasimama.

"Kuna kitu cheupe. Kimechomoza karibu na sikio."

"Ni ncha ya mwiba. Hicho ndicho kinachovimbisha. Kishike, kivute kama kilivyoingia."

"Koleo linateleza."

"Lifute. Vuta."

Akavuta. Usaha kidogo ukafuata, akausafisha, na Bi Gati akashusha pumzi ambayo benchi zima liliisikia. Ndipo aliposema neno lake la kwanza siku ile.

"Mwambie huyo mtu wa nyuma ya ukuta, mkono wake ni mwepesi."

"Ni mkono wangu, mama."

"Basi sauti yake ndiyo nyepesi."

Stanslaus akapitisha kitambaa safi dirishani.

Bernadetha alirudi na mama yake na kukaa naye nyumbani kwa mama, akimwosha asubuhi na jioni, akimpaka vaselini kidonda kisikauke na kupasuka, akikifunika kwa kitambaa safi. Amri ziliendelea kutoka kwa Stanslaus. Kigaga kisibanduliwe hata kikiwasha. Mama asitoke juani bila kujifunika, maana ngozi mpya ikichomwa na jua hugeuka nyeusi. Bi Gati, ambaye hajawahi kupangiwa na mtu muda wa kwenda shambani, alitii. Uvimbe ukashuka na jicho likafunguka.

Gazeti hili lilimkuta nyumbani kwake akianika wimbi. Kwenye shavu lake kuna mstari mwembamba, wa kuutafuta ndipo uuone.

"Sijawahi kumtazama, wala yeye hajanitazama," alisema. "Lakini kila nikinawa uso, mkono ukipita hapa, namshukuru."

Tangu siku ile, wanawake ambao kwa sababu ya ukwe au haya hawawezi kuketi mbele ya Stanslaus, huenda nyuma ya zahanati, na Bernadetha huwasafisha. Siku hizi hahitaji sauti ya dirishani. Stanslaus ameomba mkewe akubaliwe kujifunza kazi hii rasmi. "Kidole kimoja hakivunji chawa," anasema. "Nilikuwa na kidole kimoja miaka mingi, na sikujua."

Ana ombi lake jingine, na hilo alilipeleka kwa wazee wa nyumba zote mbili. Aliomba mavuno ya wimbi yakimalizika apeleke blanketi kwa mama mkwe, na waketi ua mmoja, mara moja tu. Wazee walijadiliana jioni mbili. Nyangwine alikuwa miongoni mwao, na watu walidhani atapinga. Alisema adabu ilishalindwa siku ile, sasa ipewe kigoda ipumzike.

Alipoulizwa atafanya nini siku hiyo, Stanslaus alikunja bandeji moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nitatazama chini," alisema. "Nyuso nilizoosha sizijui idadi, na huo mmoja ndio ninaoutamani. Lakini nitatazama chini."

Bernadetha, aliyekuwa akianika vitambaa uani, alimsikia. Alikuwa ametoka kwa mama yake jana yake na ujumbe alikuwa nao bado.

"Mama amesema usitazame chini," alimwambia. "Amesema shavu hilo ni kazi yako, ulitazame mpaka uridhike."