Viti vya Bamama wa Beu

Kwetu Beu, mutu akifiwa hatafuti viti mbali. Anakuja kwetu, kikundi cha bamama wa kanisa. Viti vya plastiki, sufuria kubwa, hema: vyote ni vyetu, tuliuza mihogo mpaka tukavipata. Donc wageni wa inchi za inje walipotangaza kwamba wanakuja kusikiliza raia, bureau ya commune, ofisi ya serikali ya mutaa wetu, ilituma mutu kutuomba viti. Akaongeza kwamba tuvae kitenge kimoja, tucheze wakati magari yanaingia, halafu tupike.

Nikamuuliza, na nani atasema? Akajibu kwamba wanaume wameshachaguliwa. Wageni walitaka pia watu wa kwenda ng'ambo, kwenye mazungumzo ya amani ya kumaliza vita ya mashamba, na hao nao walikuwa wanaume watupu. Hasira ilinipanda. Mashamba yanayozungumziwa kule ni sisi tunayalima. Bwana yangu aliuawa katika shamba letu, tukivuna maharagi pamoja, mimi nikakimbia na jembe mukononi. Leo nicheze?

Viti tulivipeleka. Lakini tulivipeleka asubuhi sana, tukavipanga, tukavikalia. Mustari wote wa mbele, bamama tu, na jikoni hakuna mutu.

Mukubwa wa bureau alitabasamu kwanza, akidhani tunapumzika. Alipoona hatuinuki, akaja kuninong'oneza kwamba tunamuaibisha. Nikamwambia kwa heshima zote, papa, viti hivi ni vyetu, tafuta vingine.

Wageni wakaingia, wakatusalimia kwa mikono mumoja mumoja, wakifikiri sisi ndio wakubwa wa mahali. Hatukuwasahihisha. Mutafsiri alipouliza nani anaanza, nikaanza mimi. Nilisema habari yote ya mashamba, bila kupunguza, na kwamba kule ng'ambo tunataka aende mama mumoja. Kiongozi wa wageni akauliza, mama gani? Bamama wote wakanigeukia. Mimi, ambaye safari yangu ndefu kuliko zote iliishia soko la Kirumba, kuuza viazi!

Mukubwa wa bureau akadakia haraka. Safari kama hiyo, alisema, mwanamuke hawezi kuikubali hapo hapo. Lazima kwanza arudi nyumbani, aulize bwana yake.

Sasa nikasimama.

"Bwana yangu iko mu udongo, papa. Njo ile udongo nitaenda kuulizia kule ng'ambo."