Rejista Ambayo Hakuna Aliyeiulizia

Mjukuu wangu amesomea kutunza makaratasi. Watu hucheka nikiwaambia, wanauliza kama kuna shule ya kazi hiyo. Ipo, na mimi niliyeishia darasa la tatu ndiye niliyemsomesha kwa kuuza dagaa wa omena soko la Otonglo, kwa hiyo wacheke wakiwa mbali. Sasa ameajiriwa na kaunti. Akirudi jioni, vumbi limemjaa hadi masikioni.

Jioni moja alinieleza kazi yao. Stoo imejaa, kuna mafaili ya tangu enzi za manispaa, mengine mchwa wamekula nusu. Kila karatasi ina miaka yake ya kukaa. Ikiisha, wanaangalia kwenye daftari kama kuna mtu aliyewahi kuiulizia. Kama hakuna, inaingia kwenye orodha, kamati inatia sahihi, inachomwa. Risiti za soko, barua za likizo. Nikasema sawa, chomeni. Kisha akataja rejista ya makaburi ya mji. Hakuna hata mtu mmoja aliyeiulizia.

Nilimwambia chai inapoa, nikainuka.

Sisi tunazika nyumbani. Ukizika makaburi ya mji, watasema umemtupa mtu wako, kwa hiyo aliyezika huko hunyamaza. Ndiyo maana hakuna anayeuliza, si kwamba hakuna mwenye mtu pale. Mimi nina mtoto pale, msichana wa miezi tisa. Mwaka aliokufa mafuriko yalikata barabara ya kwetu kijijini na mwili haukuweza kungoja. Mume wangu akasema hatutalizungumza. Hatukulizungumza mpaka nikamzika yeye mwenyewe, nyumbani, watu wakijaa boma zima.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Aibu ya miaka mingi inachosha kuliko kubeba gunia. Siku ya nne nikashuka kutoka nyumbani Kondele kwa miguu hadi ofisini. Karani wa mlangoni hakuniuliza kitu, akanionyesha dirisha la pesa za wazee. Nikamwambia hela zake akae nazo, aniitie mjukuu wangu. Mjukuu wangu akatoka mbio akidhani kuna msiba.

"Dani, ni nini?" Ndivyo anavyoniita, yaani nyanya.

"Lete lile daftari la watu wanaouliza. Andika nimekuja kuulizia kaburi la mwanangu."

Akaniambia polepole, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba wanangu wote wako hai.

"Huyu ni shangazi yako," nikasema. "Andika."

Akaandika. Mwandiko ulikuwa mzuri. Kisha akaleta rejista, inanuka mkojo wa panya, kurasa zimegandana kwa unyevu. Akazibandua moja moja. Mwanangu alikuwemo: jina, umri, safu, namba. Chini, sahihi ya baba yake. Sikuwahi kujua kwamba alikwenda ofisi hiyo peke yake.

Mjukuu wangu alifuta macho, akarudi kwenye kazi yake. Akasema ataitoa rejista kwenye orodha mpaka kamati ikae, lakini watamwambia mtu mmoja ni mmoja tu. Akaniuliza kama najua wengine.

Ninawajua wanawake wanne, majirani zangu wa zamani wa mtaa wa Nyalenda, waliozika pale wakanyamaza kama mimi. Hakuna hata mmoja atakayenishukuru. Nikakaa kidogo kwenye benchi ya ofisi, kisha nikaenda kwa wa kwanza.