Ndiyo kwa Mwenye Mvi

Nilifundisha Kijapani katika karakana moja ya kuchomelea vyuma huko mtaani Kamalondo, na sifichi: nilishindwa. Wanafunzi wangu walikuwa mafundi waliotaka kwenda kufanya kazi Japani. Maneno waliyameza vizuri tu. Kilichowashinda ni kumwambia mkubwa, "Sijaelewa."

Kwetu kijana hamwambii mzee hivyo. Huinamisha macho, huitika ndiyo, kisha huenda kuwauliza wenzake pembeni. Niliwaonya kwamba kule kiwandani ndiyo ya namna hiyo inakata vidole. Nikapiga meza. "Mmeelewa?" Wote wakaitika, "Hai!" yaani ndiyo. Jamani, ningewafanya nini?

Aliyeninyima usingizi ni binti mmoja wa Kilwa, ile yetu ya ziwani, siyo ya pwani, fundi kuwashinda wanaume wote. Siku moja kabla ya usaili nilimsihi aseme tu pale asipoelewa.

"Mais, lakini mwalimu, muzee wa mvi, nitamwambia namna gani kama siyasikia? Atasema kwetu habakunilea."

"Atasema uko na akili. Itika pale tu unasikia, pale umeelewa."

"Ndiyo, mwalimu," akasema, macho chini.

Kesho yake mwajiri akatokea kwenye kompyuta: mzee, kichwa cheupe kama pamba. Akaeleza kazi polepole. Binti akaitika hai, hai, hai. Mzee akamwomba arudie aliyoelezwa. Binti akatazama viatu vyake. Nilitamani kumpigia kelele aseme lile neno moja, lakini mwalimu alikatazwa kufungua kinywa.

Kisha mzee akanigeukia mimi. Akasema kwa haraka, kwa kirefu. Kijapani changu nilijifunzia kwenye simu na vitabu viwili vilivyochakaa. Nilishika "samahani," nikashika "mwakani," mengine yote yakanipita. Huenda alikuwa anamkataa moja kwa moja. Huenda alikuwa anamweleza jinsi ya kujaribu tena. Akaniuliza kama nimeelewa.

Nilimtazama zile mvi zake, nikainamisha macho.

"Hai," nikasema.

Kompyuta ikazimika. Binti akanishika mkono, machozi yanamtoka.

"Mwalimu, muzee alisema nini?"

Mpaka leo sijamjibu.