Viganja vidogo, mpini mnene: nilivyoupata mshiko wangu wa bastola, Iringa miaka ya sabini

Wakuu, wakubwa zangu kama mmebaki humu, shikamooni. Vijana marahaba, hata ambao hamjaniamkia.

Kuna kijana kaleta uzi juzi. Kapata kibali cha bastola, anauliza aishikeje maana kila akifyatua inamruka mkononi. Mmemjibu kwa video na majina ya kampuni. Mimi namjibu kwa yaliyonipata mwenyewe, chumvi sijaongeza hata punje.

Miaka ya sabini nilikuwa binti wa ishirini na kidogo, nimeajiriwa Iringa kwenye kazi ya sare. Kazi yenyewe siitaji. Kwenye kozi mwanamke nilikuwa peke yangu.

Bunduki ndefu haikunisumbua. Shida ilikuwa bastola.

Mimi ni mfupi na viganja vyangu ni vidogo, mpaka leo glavu nanunua za watoto. Tukapewa zile bastola za silinda, mpini mnene kama mchi. Kiganja kikikaa sawa, kidole hakifiki kwenye triga. Kidole kikifika, kiganja kimeshahama pembeni.

Na enzi zetu tulipiga kwa mkono mmoja, umesimama ubavu, mkono mwingine kiunoni. Nikifyatua, mtutu unaruka juu, mpini unageuka, risasi inapita juu ya shabaha, inakwenda kuua udongo wa tuta la nyuma.

Mkufunzi wetu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu. Tulimwita Afande Filimbi, maana haikumtoka mdomoni. Siku moja akaitoa, akaniambia:

"Binti, wiki mbili zijazo tunapimwa Mbeya. Ukikosa, unakwenda kupiga chapa ofisini."

(Sidharau kupiga chapa. Dada yangu kaifanya kazi hiyo mpaka kastaafu. Ila mimi sikuiombea.)

Jumamosi nikapewa ruhusa, nikaenda nyumbani Mafinga. Baba yangu alikuwa fundi seremala, Mlutheri mpole ambaye hata kuku alichinjiwa na jirani. Akaona ngozi imechubuka pale kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Nini hii, mwanangu?"

Nikamweleza yote, mpaka machozi yakanitoka. Hakunibembeleza. Akanipa randa na ubao wa msindano.

"Piga randa."

Nikapiga. Kwa mkono mmoja, wa pili kiunoni, kama kozini. Ikarukaruka.

"Umeona? Umeikaba kwa vidole kama mwizi wako. Shika kwa kiganja. Mkono ukae nyuma ya nguvu, usikae chini yake. Ukiwa chini, chombo lazima kikugeukie." Kisha akaniangalia. "Na huo mkono wa kiunoni unafanya nini huko? Unauza sura?"

Baba hakuwahi kushika bunduki maishani mwake, wakuu.

Akachukua kipande cha mbao, akakichonga umbo la mpini kama nilivyomwelekeza. Anachonga, ananipa nishike, anakichukua tena, anapunguza. Mwisho kidole changu kikafika mbele bila kiganja kuhama.

"Huu ndio unene wako," akasema. "Katafute chombo chenye unene huu. Usibadilishe mkono, badilisha chombo."

Jumatatu nikaomba kuingia ghala la silaha na kile kipande cha mbao. Kulikuwa na bastola moja ya zamani, ndogo, mpini mwembamba. Wanaume walikuwa wanaiita Kipisi, hakuna aliyeitaka. Nikaipima. Sawasawa!

Uwanjani nikaishika juu kabisa ya mpini, ile nyama ya kiganja imejaa nyuma, ncha ya kidole ndiyo inayogusa triga. Kwa mkono wa kushoto nikavifunika vidole vya kulia.

Filimbi ikalia.

"Nani kakwambia mikono miwili?"

"Baba yangu, afande."

"Ni askari?"

"Seremala, afande."

Wenzangu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Afande hakucheka. Akaja karibu, akanizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe. Halafu akakivuta nyuma kidole gumba cha kushoto.

"Kisikaribie silinda. Moto unatokea hapo, utabaki na vidole tisa. Haya, piga."

Nikapiga. Kipisi ikanisukuma begani, lakini haikugeuka.

Siku ya kupimwa, Mbeya ilikuwa na ukungu na manyunyu, meno yanagongana. Risasi sita. Ya kwanza niliharakisha, ikaenda chini. Nikavuta pumzi, nikapanga mikono upya, nikabonyeza taratibu zile tano.

Mpimaji akaenda kwenye shabaha, akaniita. Yale mashimo matano niliyafunika kwa kiganja kimoja, na nimeshawaambia kiganja chenyewe kilivyo.

Afande Filimbi hakunipongeza. Aliwageukia wale waliokuwa hawajapiga, akasema: "Mikono miwili. Kama yeye."

Wakuu, nimepata watoto, nimejenga, nimestaafu kwa heshima. Lakini maneno yale bado yananinyoosha mgongo.

Baadaye nikawa mkufunzi mwenyewe. Wanaume wengi wamepita mikononi mwangu, na sentensi hiyo msiipotoshe.

Kwa hiyo kijana, usinunue bastola kwa sababu ya rafiki yako au sinema. Ishike kwanza, ikiwa tupu, mbele ya mtu anayejua. Kidole kifike bila kiganja kuhama. Shika juu, jaza nafasi kwa mkono wa pili, kaza bila kutetemeka. Ikikugeukia mkononi, hiyo siyo yako, hata kama ni nzuri kuitazama.

Wenye viganja vidogo, semeni mlihangaikaje. Na mafundi seremala mliomo humu, leo kaeni viti vya mbele.